Uzi wa Skrubu Uliolika katika Bunduki za Kale za Pwani ya Kilwa na Lindi

Bunduki ya kale inapofikishwa kwa fundi wa hifadhi, yaani fundi ambaye kazi yake ni kukizuia kitu cha kihistoria kisiharibike zaidi na si kukifanya kionekane kipya, macho ya watu hukimbilia mtutu na kitako, ilhali mara nyingi sehemu itakayompa fundi huyo kazi nzito kuliko zote ni matundu madogo ya skrubu ambamo uzi umelika. Uzi, katika lugha ya mafundi, ni ule mfereji mwembamba unaouzunguka mwili wa skrubu kutoka nchani hadi karibu na kichwa, pamoja na mfereji wa pili unaolingana nao ndani ya tundu. Wa kwanza huitwa uzi wa nje, wa pili uzi wa ndani, na skrubu hushika kwa sababu vilele vya mmoja vimelala katika mabonde ya mwingine. Vilele hivyo vikisagika, skrubu huzunguka bure bila kubana, na kitu kilichoshikwa nayo, kiwe bamba la mtambo, kilinzi cha kifyatulio au mtutu wenyewe, huanza kucheza na kukisaga kitako cha mbao. Sura hii inashika msimamo ambao si mafundi wote wanaukubali: kwamba katika bunduki za kale skrubu ni kitu cha kubadilishwa inapobidi, lakini tundu ni la kuachwa lilivyo mpaka njia nyingine zote ziwe zimeshindikana, kwa kuwa uzi wa ndani ndio sehemu ya silaha inayohifadhi alama za mkono wa aliyeitengeneza, na ukishatobolewa upya haurudi.

Ili kuelewa kwa nini matundu hayo yanatofautiana kiasi hicho, ni lazima kufahamu namna bunduki zilivyoingia katika pwani hii. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sultani Said bin Sultan, uliotiwa saini Muscat mwezi Septemba 1833, uliweka sharti kwamba katika kisiwa cha Unguja bunduki, baruti na risasi ziuzwe kwa serikali ya Sultani peke yake, lakini katika bandari zake nyingine zote bidhaa hizo ziuzwe bila kizuizi, na miongoni mwa bandari hizo ilikuwamo Kilwa Kivinje, ambayo katika karne ya 19 ndiyo iliyokuwa mlango wa misafara ya pembe na watumwa iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa. Silaha zilizopita hapo zilikuwa kwa sehemu kubwa za kushindilia kwa mbele, zile ambazo watu wa pwani waliziita korofindo na ambazo leo zinajulikana zaidi kwa jina la gobore. Nyingine zilikuwa za gumegume, yaani zinazowashwa kwa cheche za jiwe, na nyingine za fataki, yaani kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka kinachovalishwa juu ya kifa, yaani chuchu ya chuma ya kupitishia moto, na kupigwa na nyundo ya mtambo. Zilifuliwa Birmingham, Liège na katika miji mingine ya Ulaya, baadhi zikiwa ni bunduki za majeshi zilizopitwa na wakati na baadhi zikiwa zimeundwa kwa bei ya chini makusudi kwa soko la Afrika. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipopiga marufuku uingizaji wa silaha za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, uliacha mwanya kwa bunduki za gumegume zenye mtutu laini, usiochongwa mifereji ndani, na kwa hiyo silaha za mtindo wa karne ya 18 ziliendelea kununuliwa kihalali wakati Ulaya yenyewe ilikuwa imekwisha kuzisahau.

Kundi la pili ni la silaha za dola. Utawala wa Kijerumani, uliorudi Kilwa, Lindi na Mikindani kwa nguvu za kijeshi mwezi Mei 1890 baada ya pwani kuinuka mwaka 1888, uliwapa askari wake bunduki za Mauser za mwaka 1871, za milimita 11, zinazotia risasi moja moja na kutumia baruti nyeusi. Hizo ndizo zilizoelekezwa kwa wapiganaji wa Majimaji tangu vita vilipoanza katika milima ya Umatumbi mwezi Julai 1905, na miaka tisa baadaye, Vita Kuu vilipozuka, kombania nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa bado nazo, pamoja na moshi wake mzito uliomwonyesha adui mahali pa kulenga. Silaha mpya zaidi zilikuja kwa meli zilizopenya kizuizi cha Waingereza, mojawapo ikiwa Marie, iliyotia nanga katika ghuba ya Sudi, kusini mwa Lindi, mwaka 1916. Kwa kuwa mapigano makali ya mwaka 1917 yalitokea Narung'ombe upande wa Kilwa na Mahiwa upande wa Lindi, haishangazi kwamba eneo hili limebaki na mabaki ya silaha za mataifa kadhaa, kila moja na uzi wake.

Neno hilo, kila moja na uzi wake, lichukuliwe kama lilivyo. Kabla ya katikati ya karne ya 19 mtengenezaji wa bunduki alikata uzi wa skrubu kwa bamba la chuma kigumu lenye matundu ya ukubwa mbalimbali, akiipitisha skrubu na kuizungusha kwa nguvu mpaka chuma laini kikubali umbo la bamba, kisha akatumia kipande cha chuma kilichotoka katika bamba lilelile kukatia uzi wa ndani. Karakana ya jirani ilikuwa na bamba lake, na skrubu ya karakana moja haikuingia katika tundu la nyingine ila kwa bahati. Mwaka 1841 Joseph Whitworth wa Uingereza alipendekeza kipimo kimoja cha nchi nzima, chenye vilele vya pembe ya nyuzi 55, na mwaka 1864 William Sellers wa Marekani akapendekeza chake cha nyuzi 60; kipimo cha kimetriki cha kimataifa kilikubaliwa Zürich mwaka 1898. Viwanda vya silaha havikuharakisha kufuata. Hata Mauser ya mwaka 1898, bunduki ya Kijerumani ambayo mtu angeitarajia ipimwe kwa milimita, mtutu wake umefungwa kwa uzi wenye mizunguko 12 kwa kila inchi na pembe ya nyuzi 55, yaani kwa kipimo cha Kiingereza cha Whitworth. Fundi anayechukua tepu ya kimetriki, yaani chombo cha chuma kigumu cha kukatia uzi wa ndani, na kuisukuma katika tundu kama hilo kwa kuwa imeonekana kuingia mizunguko miwili ya mwanzo, huvuruga uzi ambao ulikuwa mzima. Na ni dhahiri kwamba matundu mengi yaliyoharibika yameharibiwa hivyo, na watu waliokusudia kuyatengeneza.

Uharibifu mwingine una vyanzo vyake. Baruti nyeusi, ambayo zaidi ya nusu ya moshi na masizi yake ni chumvi za potasiamu, huacha mabaki yanayovuta unyevu, na mabaki hayo huingia katika uzi wa kifa na wa kizibo cha nyuma cha mtutu. Hewa ya bahari ya Kilwa huongeza chumvi yake. Na kutu inayozaliwa hapo huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma kilichooza, hivyo huibana skrubu ndani ya tundu hadi iwe kama imelehemiwa. Anayeifungua kwa nguvu hukata kichwa au huuvuta uzi utoke nayo. Bisibisi za siku hizi nazo hazisaidii, kwa kuwa ncha zake ni za kabari, nene juu na nyembamba chini, ilhali mfereji katika kichwa cha skrubu ya kale ni mwembamba na kuta zake zimesimama sambamba; bisibisi ya namna hiyo hushika midomo ya mfereji tu, hupanda juu, na kuikwangua. Fundi mwangalifu huanza kwa kuinoa bisibisi kwa tupa ili ijae mfereji mzima, upana na kina, na huwa na bisibisi moja kwa kila skrubu muhimu.

Kuna pia matengenezo ya zamani, nayo yanahitaji kutazamwa kwa heshima ambayo hayapewi. Gobore lililotumika bara kwa miaka 50 au 60 halikuwahi kuona skrubu ya akiba kutoka Liège. Uzi ulipolika, mhunzi alipitisha msumari na kuugonga ncha upande wa pili, au alikaza mtutu kwa kitako kwa ngozi mbichi iliyoachwa ikauke na kujibana, au alizungushia waya wa shaba, au alikunja kipande cha bati na kukisukumiza ndani ya tundu pamoja na skrubu ya zamani ili vilele vichache vilivyobaki vishike. Kwa macho ya mkusanyaji wa Ulaya hayo ni makosa ya kuondolewa. Kwa historia ya pwani ya kusini ni ushahidi kwamba silaha hiyo ilitunzwa na mafundi wa hapa, na kwa vyuma vilivyopatikana hapa. Kuling'olea gobore msumari wa mhunzi na kulipa skrubu ya kiwandani ni kufuta miongo ya maisha yake ili kulirudishia siku ya kwanza, na siku hiyo ndiyo isiyo na umuhimu mkubwa kwa Kilwa. Ngozi na waya hubaki, hata kama havishiki tena, na tundu lililo chini yake huachwa.

Kazi yenyewe hutanguliwa na mambo mawili yasiyohusu uzi. La kwanza ni sheria: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inadhibiti umiliki wa silaha na pia kazi ya kuzitengeneza, na aliyerithi gobore kutoka kwa babu yake hupaswa kupita polisi kabla ya kupita kwa fundi. La pili ni kuhakikisha bunduki haina kitu ndani, kwa maana magobore mengi hukutwa yakiwa yameshindiliwa, na baruti nyeusi iliyokaa pakavu hubaki na nguvu kwa zaidi ya miaka 100. Mdeki, yaani ufito wa kushindilia, hutiwa ndani ya mtutu hadi ugote, huwekwa alama pale unapotokeza mdomoni, kisha hutolewa na kulazwa nje kando ya mtutu alama ikiwa mdomoni. Ncha yake ikifika mkabala na kifa, mtutu ni mtupu, na ikiishia vidole viwili au vitatu kabla ya hapo, kuna kitu kimelala, na kazi husimama hapo hapo mpaka wataalamu wa silaha wakitoe. Moto wa aina yoyote haukaribishwi kabla ya kipimo hicho.

Skrubu iliyokwama huombwa kwa siku, si kwa dakika. Mchanganyiko wa nusu asetoni na nusu mafuta ya giaboksi otomatiki, ambao hupenya kutu vizuri, au mafuta ya taa pale ambapo hapana kingine, hudondoshwa kuzunguka kichwa asubuhi na jioni, mbao ikiwa imekingwa kwa nta. Kisha ncha ya chuma cha umeme cha kulehemia nyaya huwekwa juu ya kichwa kwa dakika chache ili skrubu itanuke na kusinyaa, jambo linaloivunja kutu iliyoshika. Bunduki hufungwa katika jiliwa lenye meno yaliyovikwa mbao laini au ngozi, bisibisi hubanwa juu ya skrubu isiruke, na mkono huzungusha kwanza upande wa kukaza, kidogo sana, kabla ya kuzungusha upande wa kufungua. Ikiwa hakuna dalili ya kusogea baada ya wiki nzima, swali la kujiuliza ni kama kweli skrubu hiyo inahitaji kutoka; bunduki ya kukaa kabatini katika makumbusho haihitaji kufunguliwa kizibo cha mtutu, na kizibo hicho ndicho mahali ambapo watu wengi wamepasua mitutu bila sababu.

Inapotoka, uzi husomwa kabla ya kuguswa. Skrubu husafishwa kwa brashi laini, unene wake hupimwa kwa vernia penye vilele visivyolika, kwa kawaida karibu na kichwa, na geji ya uzi, yaani kifurushi cha vibati vyenye meno ya hatua mbalimbali, huwekwa juu yake hadi kipatikane kinacholala bila mwanga kupenya. Hatua ni umbali wa kilele kimoja hadi kinachofuata. Mara nyingi hakipatikani hata kimoja kinacholingana sawasawa, na hilo lenyewe ni jibu: uzi ulikatwa kwa bamba la karakana. Kwa tundu, njia salama ni kulijaza silikoni laini wanayoitumia matabibu wa meno kuchukulia umbo la fizi, kuiacha igande, kisha kuizungusha itoke ikiwa imebeba umbo la uzi wote wa ndani. Chini ya lenzi huonekana vilele vilivyosagika, vilivyolala upande mmoja, na vile ambavyo vimejaa kutu tu na ni vizima chini yake. Tofauti hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani, kwa sababu tundu linalodhaniwa limekwisha mara nyingi limeziba. Inafaa pia kukumbuka kwamba katika skrubu yoyote mizunguko michache ya mwanzo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo, na kwamba bamba la mtambo la gobore lina unene wa milimita chache tu, hivyo idadi ya nyuzi zake tangu awali haikuwa kubwa. Mizunguko mitatu mizima inatosha kuliweka bamba mahali pake katika bunduki isiyopigwa tena.

Tundu lililoziba husafishwa kwa kijiti cha mbao ngumu na brashi ya nailoni, na pale kutu inapokataa, skrubu ya shaba nyeupe iliyokatwa uzi uleule na kuchanwa mifereji miwili ubavuni hupitishwa taratibu ikiwa na mafuta, ili ichokoe bila kukata chuma. Tepu ya chuma kigumu hutumiwa tu ikiwa imethibitika kwa umbo la silikoni kwamba inalingana na uzi, si kwa kuwa inakaribiana nao. Baada ya hapo, kama vilele vya ndani vimepungua lakini vipo, skrubu mpya hukerezwa: mashine ya kerezo, inayozungusha chuma huku kisu kikikitembelea, inaweza kukata hatua yoyote na pembe yoyote, hata ile ya ajabu ya bamba la Liège, na skrubu ikaachwa nene kwa sehemu ya kumi ya milimita kuliko ile ya asili ili ijaze palipopungua. Chuma kinachofaa ni kile laini chenye kaboni kidogo. Skrubu ikiwa ngumu kuliko bamba, siku ya kukosea itakayoumia ni bamba. Skrubu ya asili haitupwi, hata ikiwa ni kisiki cha kutu, bali hufungwa katika karatasi isiyo na asidi na kukaa pamoja na silaha yake.

Kuna matundu ambayo kweli yamekwisha. Kwa silaha ya maonyesho, njia inayopendelewa katika sura hii ni ya kujaza: kuta za tundu hupakwa tabaka la Paraloid B-72, utomvu wa akriliki unaoyeyuka katika asetoni na hivyo unaoweza kuondolewa wakati wowote, skrubu hupakwa nta, nafasi kati yao hujazwa gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga wa chuma, na gundi ikishakauka skrubu hufunguliwa na kuacha uzi mpya wa gundi ndani ya tundu la zamani. Uzi huo hauwezi kuvumilia mlipuko, na ni vizuri usiweze, kwa sababu unamzuia yeyote kushawishika kulifyatua gobore la makumbusho. Njia ya kutoboa tundu, kulitia kikopo cha chuma chenye uzi ndani na nje na kukifunga humo, ni imara zaidi lakini inakula chuma cha asili kisichorudi. Vipete vya waya wa pua vinavyouzwa kwa ajili ya injini za magari vina kasoro hiyohiyo, tena hulazimisha vipimo vya kisasa. Na kulehemu kwa umeme, ambako karakana nyingi za mjini hukukimbilia kwanza, huondoa ugumu wa chuma, huchoma mbao na hupinda bamba, na hakustahili kukaribia silaha ya karne ya 19 kabisa.

Mauser ya mwaka 1871 inatoa mfano mzuri wa tundu lenye haki ya kupewa uangalifu wa pekee. Juu ya komeo lake, yaani kile chuma chenye mkono kinachovutwa nyuma ili kutia risasi, kuna skrubu moja inayoshika duara nene la chuma linalolizuia komeo lisichomoke. Kila aliyetaka kulitoa komeo ili kulisafisha alilazimika kuilegeza skrubu hiyo, na kwa kuwa baruti nyeusi ilidai usafi wa mara kwa mara, skrubu hiyo imefunguliwa na kufungwa kuliko nyingine yoyote katika bunduki nzima. Kichwa chake huonekana kimekwanguliwa pande zote mbili za mfereji, na uzi wake wa ndani huwa umelika zaidi juu kuliko chini, kama inavyotarajiwa mahali ambapo skrubu ililegezwa mizunguko michache bila kutolewa yote. Hapo pana alama ya kazi ya askari, na si ya uzembe wa fundi wa baadaye; kuujaza uzi huo hadi juu ili skrubu ikaze kama mpya ni kuifuta alama hiyo. Inatosha skrubu ishike chini, na duara lifungwe kwa uzi mwembamba wa nailoni usioonekana ili lisianguke wakati wa kuhamishwa.

Kinachobaki ni kuizuia kutu isirudi. Chuma kisicho na chumvi hukaa salama katika hewa yenye unyevu chini ya asilimia 40, na kilichokunywa chumvi huhitaji hewa kavu zaidi ya hapo, kiwango ambacho Kilwa na Lindi haziwezi kukitoa bila msaada. Kabati lililofungwa vizuri lenye jeli ya silika, inayokaushwa upya kwa joto kila inapobadilika rangi, ni la bei nafuu kuliko kiyoyozi, na halitegemei umeme usiokatika. Skrubu hurudishwa zikiwa zimepakwa nta ya madini, si mafuta ya kula wala mafuta ya injini, ambayo huganda na kuvuta vumbi. Kila skrubu mpya hugongwa mwaka wa kutengenezwa chini ya kichwa chake, mahali pasipoonekana ikiwa imefungwa, na vipimo vyake vya unene, hatua na pembe huandikwa katika daftari la kifaa pamoja na umbo la silikoni lililochukuliwa, ili atakayeifungua bunduki hiyo baada ya miaka 80 ajue ni chuma kipi kilitoka Birmingham na kipi kilikerezwa Lindi.